Pole Iliyoandikiwa Ripoti

Mimi ni mtu wa kushtuka. Mlango ukifungwa kwa kishindo, naruka. Simu ikitetemeka mfukoni, naruka. Miaka yangu yote ya Doha haikunitibu ugonjwa huo, na ukizingatia kwamba mitatu ya mwanzo nilikuwa mlinzi, kazi inayotaka mtu mwenye moyo shupavu, utaelewa kwa nini sikupandishwa cheo.

Nililinda mlango wa kioo wa jengo moja la makazi pale The Pearl, kisiwa cha matajiri. Kenya nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na historia katika shule ya upili, nina shahada yangu halali, lakini nilikuwa mwalimu wa bodi tu, yule asiyejua muhula ujao atakuwa darasani au shambani. Ndiyo maana nilikubali sare ya buluu, kitanda cha juu katika chumba cha watu wanane huko Industrial Area, na basi la kampuni lililotuchukua alfajiri. Niliwafungulia watu mlango nikawasalimu. Wengi walipita kana kwamba mlango umejifungua wenyewe, jambo lililonichemsha damu kila siku, maana nilizoea kuingia darasani watu arobaini wakasimama.

Asubuhi moja mama mmoja wa ghorofa ya tisa, mzungu wa makamo, alijikwaa pale mlangoni na mfuko wake wa machungwa ukapasuka. Mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake.

"Sori, madamu! Sori sana!" nikasema, nikayakimbilia machungwa.

Akanitazama kwa mshangao. "Wewe umenifanya nini?"

"Sijakufanya kitu, madamu."

"Sasa mbona unaomba radhi?"

 Nikacheka, naye akacheka, tukaokota machungwa pamoja. Hapo ndipo mtu mwenye akili angejifunza kitu. Mimi sikujifunza.

Kumbe mama huyo alikuwa mhadhiri wa uuguzi katika chuo kimoja mjini. Tangu siku hiyo akawa anasimama kunijulia hali, na aliposikia kwamba nina shahada, akaniambia habari iliyonifanya nisahau kumfungulia mlango mzee mmoja aliyebaki nje akigonga kioo kwa hasira. Alisema chuoni kwao kuna programu ya watu waliosoma mambo mengine kabisa. Mhandisi, mhasibu, mwalimu, yeyote mwenye shahada ambaye hajawahi kushika hata bomba la sindano. Anasoma kwanza masomo ya sayansi ya kumpa msingi, halafu miaka miwili mfululizo ya darasani na wodini, anatoka muuguzi mwenye shahada ya uzamili.

"Shahada yoyote?" nikauliza.

"Yoyote."

"Hata ya Kiswahili?"

"Hata ya Kiswahili."

Sikuamini. Nilidhani ananitania, kama wakazi wengine walivyopenda kumtania mlinzi. Siku mbili baadaye akaniletea fomu.

Sitaeleza kwa kirefu jinsi nilivyosoma anatomia, kemia na takwimu nikiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, vitabu vikiwa vimefichwa chini ya daftari la wageni. Wala sitaeleza nilivyoipata ile barua ya mwajiri ya kuniruhusu kuondoka, ambayo Doha nzima tuliiita enosii na ambayo watu walilia machozi kuipata. Niseme tu kwamba meneja aliponipa alikuwa anacheka. "Wewe? Nesi?" Alicheka hadi akakaa chini. Nikaichukua barua yangu kabla hajabadili nia, nikatoka mbio.

Aliyekasirika hasa ni baba. Nyumbani kwetu baba na mama walitoka makabila mawili, kwa hiyo tulikua tukizungumza Kiswahili, na baba, mwalimu mkuu mstaafu, alikisimamia kama sheria. Nilipompigia kumweleza, alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilisomesha mwalimu," akasema mwishowe. "Sasa unataka nikawaambie watu kwamba mwanangu wa kiume ni sista?"

"Baba, siku hizi hata wanaume—"

"Watakuita nani huko hospitalini? Kaka?"

Kusema kweli ndivyo walivyotuita. Wagonjwa wa Doha huwaita wauguzi wa kike sista na wa kiume braza. Lakini sikumwambia, kwa sababu alikuwa amekwisha kumpa mama simu.

Nikahamia mtaa wa Al Mansoura, kwenye chumba nilichoshirikiana na dereva mmoja kutoka Mombasa, mtu wa mzaha ambaye hakuwahi kuona jambo zito duniani. Alipoona kitabu changu chenye picha za utumbo, alikigeuza juu chini.

"Sasa wewe watoka kwenye kiti cha ubwana, wafungua mlango tu, waenda kuosha watu wazima makalio?" akaniuliza.

"Naenda kusoma."

"Wallahi mimi nakuombea. Lakini sijapata kuona."

Aliniambia ukweli, na mimi sikujua. Wiki ya kwanza wodini nilikutana na mambo ambayo ualimu haukunitayarisha kwayo kabisa. Niliona kidonda kilichofunguliwa nikashika ukuta. Niliambiwa nimgeuze mgonjwa wa kiharusi, na nilipomgusa mgongo nikagundua sijawahi kumgusa mtu mzima asiye ndugu yangu, isipokuwa kwa kumpa mkono. Darasani tulikuwa watu ishirini na wawili, kulikuwa na mchora ramani za majumba na mfanyakazi wa benki na hata mpishi mmoja mwenye shahada ya falsafa, na sote tulitembea na macho yametutoka. Kufikia mwisho wa muhula wa kwanza watano walikuwa wameondoka. Mimi sikuwa na pa kuondokea. Kibali changu cha kukaa nchini kilikuwa chini ya chuo. Nikifukuzwa, nafungasha, narudi kwa baba bila sare ya ulinzi wala ya uuguzi. Wazo hilo lilinifanya nisome hata msalani.

Na nilianza kuwa mzuri. Nasema bila aibu. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kwenye mishipa, na wazee walinipenda kwa sababu niliwasikiliza. Yule mhadhiri wa machungwa alikuwa amekwisha kurudi kwao, lakini mkufunzi wetu wa wodini, Mjordani mwenye sharubu na sauti ya upole, aliniambia siku moja, "Wewe ulichelewa kuja huku." Nilitembea na maneno hayo wiki nzima.

Halafu mzee wa kitanda cha nane akaanguka.

Alikuwa Mmisri wa miaka sabini na kitu, amefanyiwa upasuaji wa nyongo siku tatu kabla. Nilipangiwa yeye zamu hiyo. Nilikuwa nimemwambia, na akaitikia kwa kichwa, kwamba akitaka kwenda msalani abonyeze kengele. Kengele niliiweka kwenye kiganja chake. Nikaenda mwisho wa ukumbi kuchukua shuka safi. Niliporudi kitanda kilikuwa kitupu, na kutoka msalani nikasikia kishindo.

Niliruka, kama kawaida yangu, lakini safari hii niliruka kuelekea kwake. Nilimkuta ameketi sakafuni ameshika nyonga, uso umejikunja. Nikapiga magoti kwenye maji.

"Sori, baba," nikasema kwa Kiingereza. "Sori, sori. Sori sana."

Nilipoinua macho, mwanawe wa kiume alikuwa amesimama mlangoni. Amekuja kumwona baba yake na mfuko wa tende mkononi.

Mzee hakuvunjika popote. Picha zilionyesha mfupa mzima, na jioni alikuwa anakula supu. Nilimshukuru Mungu, nikaandika maelezo yangu, nikaenda nyumbani nikalala kama mtoto. Kesho yake mchana nikaitwa ofisini, na mkufunzi wangu Mjordani akanisukumia karatasi bila kunitazama usoni. Ilikuwa ripoti ya tukio. Mwana wa mzee alidai kwamba nilimwangusha baba yake, au nilimwacha makusudi, na ushahidi wake ulikuwa mmoja, umeandikwa wazi katika mstari wa tatu: mwanafunzi alikiri kosa papo hapo kwa kuomba radhi mara nne.

Nilisoma mstari huo mara nyingi.  Nilikumbuka kila sori, nikazihesabu, na kweli zilikuwa nne.

"Kwa nini uliomba radhi?" mkufunzi akaniuliza.

"Sikuomba radhi."

"Ulisema sori?"

"Nilisema."

Akavuta pumzi. Kikao kilipangwa baada ya siku tatu, na akanieleza taratibu, kwa upole wake ule, kwamba mwanafunzi akionekana kumdhuru mgonjwa hana nafasi ya pili katika programu hii. Siku hizo tatu sikula vizuri. Nilipita karibu na mashimo ya metro yaliyozungushiwa mabati nikiwatazama wale vijana wenye kofia za plastiki, nikajiuliza kama wao nao huandikiwa ripoti kwa ajili ya adabu.

Dereva wa Mombasa alipinda mdomo nilipomsimulia. "Yaani mtu kaanguka, wewe wamwambia pole, nao wakushtaki?"

"Kwa Kiingereza nilisema sori."

"Si ndiyo pole hiyo?"

"Ndiyo nashangaa."

Kikaoni walikuwa wanne. Mkuu wa programu, mama mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Msimamizi wa wodi, Mfilipino. Mkufunzi wangu. Na mwana wa mzee, mhandisi, amevaa suti na amejaa hasira ya haki, maana baba ni baba. Waliletewa chai kwenye vikombe vidogo vya kioo. Mimi sikupewa.

"Ulisema sori?" mkuu akaanza.

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alianguka."

"Alianguka kwa sababu yako?"

"La."

"Basi kwa nini ulisema sori?"

"Kwa sababu alianguka."

Mhandisi akageuka kumtazama mkuu kana kwamba anasema, unaona? Nikaona tunazunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta. Nikajikaza. Nikasema kwetu kuna neno, na neno lenyewe ni pole. Mtu akifiwa unampa pole. Akijikwaa, pole. Akirudi kutoka kazini amechoka, pole na kazi. Hata mvua ikimnyeshea.

"Na kwa Kiingereza maana yake ni nini?" mkuu akauliza, kalamu mkononi.

Nilifungua mdomo. Mimi mwenye shahada ya Kiswahili. Mimi niliyefundisha maamkuzi na adabu kwa miaka sita, niliyempunguzia mwanafunzi alama kwa kuandika pole mahali pa samahani! Nikatafuta kichwani, nikatafuta, na neno lililokuja lilikuwa moja tu.

"Sori," nikasema.

Mfilipino akafumba macho. Mkuu akaandika. Nilimwona akiandika, na nikajua nimejichongea mwenyewe kwa mdomo wangu. Nilianza kuona uwanja wa ndege, mizigo, uso wa baba.

Mhandisi akainua kikombe chake, nadhani kwa kuona mambo yameisha. Chai ilikuwa ya moto na kikombe hakina mkono. Kikamteleza vidoleni, chai yote ikamwagikia pajani, akaruka kutoka kitini kwa ukelele.

"Sori!" nikapiga kelele nikisimama. "Oo, sori! Sori sana!"

 Nilikuwa ng'ambo ya meza, viti vinne kutoka kwake, mikono yangu miwili iko hewani ambapo kila mtu aliiona. Mhandisi akabaki ameinama, suruali inafuka mvuke, ananitazama.

"Wewe unaomba radhi kwa nini?" akaniuliza. "Nimejimwagia mwenyewe."

  Nilikuwa nimeshtuka kuliko yeye aliyeungua.

Aliyeanza kucheka ni mkufunzi wangu. Alicheka sharubu zikatikisika, kisha akamwambia mhandisi neno moja la Kiarabu, "Salamtak." Mhandisi akamtazama, akanitazama mimi, akaketi polepole. Baadaye nilielezwa kwamba ndilo neno wanalomwambia mgonjwa au mtu aliyeumia, kumtakia usalama, na hakuna Mwarabu anayedhani anayelisema ana kosa.

"Anasema salamtak," mhandisi akamwambia mkuu, akijifuta kwa leso. "Siku ile alikuwa anamwambia baba yangu salamtak." Sauti yake ilibadilika aliposema hivyo. Akaiondoa shutuma yake hapo hapo, na wakati wa kutoka akanishika bega. Ripoti ya tukio ikaandikwa upya.

Lakini mkuu hakuniachia hivi hivi. Alisema anaamini, tena anafurahi, ila mgonjwa mwingine hatamwaga chai kwa wakati unaofaa. Neno lile kwa Kiingereza ni hatari, na katika kazi hii hatari huondolewa. Akaniandikia sharti, nikatia sahihi kwamba sitalitumia tena mbele ya mgonjwa. Ningetia sahihi hata kwamba sitakohoa.

Mkufunzi ndiye aliyenifundisha upya. Alikuwa akijifanya ameanguka ukumbini bila kunionya, mwanaume mzima na sharubu zake, na mimi natakiwa kumfikia na kusema: usiinuke, unanisikia, unaumia wapi, uligonga kichwa? Mwanzoni sori ilinitoka kabla sijapiga magoti. Akatikisa kichwa, tukarudia. Baada ya mwezi ilinitoka nusu, so tu. Baada ya miezi mitatu haikunitoka kabisa. Nyumbani dereva aligonga kidole cha mguu kwenye chuma cha kitanda akalia mama yangu wee, nami bila kuinua macho kitabuni nikamuuliza kama anaweza kukikunja.

"Wallahi wamekufanya mashine," akasema, ameshika kidole.

Nilijisikia fahari. Niliona nimefaulu.

Baba naye alilegea. Ilianza kwa presha yake. Alitaka kujua zile namba mbili maana yake nini, nikamweleza, na kumbe alikuwa anawaeleza wazee wenzake sokoni. Akaanza kunisifia kwa watu. Akipiga simu, salamu yake ikawa, "Hujambo, sista?" na kicheko chake kile kikavu, nami nikaitikia, "Sijambo, mwalimu." Aliniambia ameshapeleka koti lake jeusi kwa fundi lipunguzwe kiuno, kwa ajili ya picha atakayoitundika ukutani nitakapohitimu. Ilikuwa imebaki miezi miwili.

Mama alinipigia saa saba mchana. Nilikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo hospitalini, nimevua kiatu kimoja. Simu ilitetemeka, na ajabu, sikuruka.

"Baba yako ameanguka," mama akasema.

"Wapi?"

"Hapo nje, kwenye ngazi ya jikoni."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa tatu hivi."

"Aligonga kichwa?"

"Aligonga."

"Alitapika? Alikuwa akijibu mkimwita?"

"Hakujibu."

"Mlimgeuza ubavu? Nani alikuwa naye?"

"Mimi. Nilikuwa naye mimi." Alikuwa ananijibu kimoja kimoja, kwa utiifu, kama wagonjwa wangu.

"Sasa anapumua vipi?"

Nikasikia watu wengi nyuma yake, na kuku, na mtu akiburuta kiti.

"Hapumui, mwanangu. Ametutoka."

Nikauliza, na hadi leo siamini kwamba nilipofiwa na baba yangu hili ndilo lililotoka kinywani mwangu, nikauliza, "Nani aliyethibitisha?"

"Daktari wa zahanati." Kisha akaniuliza, "Umemaliza maswali?"

"Nimemaliza."

"Watu wamejaa hapa uani. Kila anayeingia ananipa pole, hata wale wa soko nisiowajua majina. Mimi nimejitenga huku nyuma nikupigie, nisikie ya kwako."

Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, lote, herufi zake nne. Nikageuka kwanza nikatazama mlango, nione kama kuna mtu aliyesimama anasikia. Hapakuwa na mtu. Ndipo nikamwambia mama yangu pole.